Plagi Upande wa Pili

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mashine ya kusagia nyama ilikwama kwa mfupa.

"Kaka, chomoa plagi!" mtengeneza soseji alipaza sauti.

Ukuta wa mbao uliowatenganisha ulijengwa jana, baada ya ndugu hao wawili kugawana duka la marehemu baba yao kwa ngumi. Mkubwa alipata mbele, penye mchele na sabuni. Mdogo alipata nyuma, penye nyama. Swichi ya mashine ilikufa zamani, na soketi ilibaki mbele. Hakuna aliyeifikiria.

"Sema tafadhali," kaka alijibu. Mdomo wake uliopasuliwa na mdogo wake ulikuwa na nyuzi nne.

"Tafadhali, mzee wa sabuni."

Kaka alicheka upande mmoja wa mdomo, akachomoa. "Tayari."

Mdogo alikunja shati hadi kiwiko, akaingiza mkono. Mfupa ulikuwa umejibana kwenye kisu.

"Unajua," alisema huku akivuta, "hata huko mbele baba alitaka kunipa mimi. Aliniambia hospitali."

"Lini?"

"Siku ya mwisho. Alikuulizia mchana kutwa, wewe unapanga sabuni."

Kaka aliitazama plagi mkononi mwake. Ilikuwa bado na joto. Ng'ambo ya mbao, kucha zilikuwa zikikwaruza chuma.

"Mkono bado umo ndani?"

"Umo. Usiguse kitu."

Kaka aliichomeka plagi, akaishikilia kwa mikono miwili mpaka ukuta ulipoacha kutikisika.