Vitabu Vitatu vya Tao

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, na mguu mmoja wa fundi bomba uko ngazini, binti yake alipoudaka mkanda wa mfuko.

"Shuka, baba."

"Niache, mama. Nimechelewa."

Hakumwacha. Alivuta, baba akavuta, zipu ikaachia, vitabu vitatu vikamwagika chini. Vyote vya Tao, ile njia ya kale ya Wachina: kimoja cha wanaoanza, kimoja cha kutuliza moyo na kuvuta pumzi, na cha tatu kuhusu watawa wa dini za Mashariki na maisha yao. Juu yake likaanguka sweta la mama. Nguo nyingine haikuwamo hata moja, wala mswaki.

Binti alikuwa ameiogopa siku hii kwa miezi saba. Alifanya kazi maktaba, chumba cha nyuma, kushona majalada yaliyochanika. Wasomaji hakuwaona. Maktaba ilitoa kadi moja kwa kila nyumba, kwa jina la mwenye nyumba, na majina hayo yaliandikwa kwenye karatasi ya waazimaji nyuma ya kila kitabu. Basi kila kitabu cha Tao kilichofika mezani kwake, jina la mwisho lilikuwa la baba yake.

Akaanza kuvisoma na yeye, apate kuujua ugonjwa. Akakuta vinasifu maji kwa kuwa hushuka bila kugombana na mtu, vinasifu kunyamaza, vinamsifu anayepunguza vitu. Akamtazama baba: mtu wa maji tangu ujana wake, maneno yake ya kuhesabika, ukimpa chakula anakula, usipompa haulizi. Na nyumbani vitu vilikuwa vinapungua kweli. Mama alikuwa amegawa vikombe vya wageni, kisha mapazia ya sebuleni, kisha cherehani yake. Alipoulizwa alicheka tu, akasema nyumba nayo inataka nafasi. Binti akaelewa kwamba mama anajizoeza kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Kibaya zaidi kilikuwa hicho kitabu cha tatu. Kilieleza habari za nyumba ya watawa kule mlimani, mwendo wa saa sita kwa basi, na sharti moja lilikuwa limepigiwa mstari kwa penseli. Anayekuja kujiunga hukalishwa chumba cha wageni mpaka jua lizame. Ndugu akimfuata kabla ya hapo, hukabidhiwa mtu wake. Jua likishazama lango hufungwa, na hakuna wa kumdai tena.

Mabasi ya huko yalikuwa mawili tu kwa siku, la alfajiri na hili la saa nne.

"Kumbe ulikuwa unangoja mama aende kwa dada yake," binti alisema. "Katoka alfajiri, na wewe huyoo."

Baba alifungua kinywa. Akawatazama abiria waliotoa vichwa madirishani, akakifunga.

"Dada, mwachie mzee," kondakta alisema. "Pengine kuna mchumba anamsubiri huko."

Watu wakacheka. Baba aliinama, akaliokota sweta kwanza, akalipangusa vumbi taratibu, ndipo akakumbuka vitabu.

"Haya, nifundishe," binti alimwambia. "Hiyo Tao ni nini, ya kumfanya mtu akimbie nyumba yake?"

"Sijui, mwanangu. Nimefika ukurasa wa tisa."

Miezi saba, ukurasa wa tisa! Lakini binti hakushangaa. Ndivyo wanavyojibu hao waliokwisha kukolea: anayejua hujifanya hajui.

Baba akashusha sauti. Alisema aachwe aende, na kesho watakaa meza moja, wote watatu, atamweleza kila kitu bila kuficha. Leo asiulizwe mbele za watu.

"Ukienda leo hakuna kesho," binti alisema.

"Nisipokwenda ndiyo hakuna."

Binti aliketi kwenye ngazi ya basi, akashika vyuma vya mlango kwa mikono miwili. Dereva alipiga honi, akapiga tena, mwishowe akamwambia kondakta awaondoe wote wawili, maana ugomvi wa ndugu haupakiwi. Wakateremshwa kwa mabega. Mlango ukafungwa. Fundi bomba, miaka sitini na mitatu, alilikimbiza basi lile mpaka kwenye lango la stendi, sweta mkononi, na pale pumzi ikamwishia.

Nyumbani binti alifunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Baba hakubishana. Alisema tu kwamba gari lingine la kuwahi huko hakuna, kwa hiyo sasa hata akieleza haisaidii kitu. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliuliza saa. Baadaye akauliza tena, na tena. Chai aliyopelekewa ikapoa ikafanya utando.

Jua lilipozama hakuuliza tena.

Binti alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi. Akaenda kukaa karibu naye, akamshika bega. "Nisamehe kwa leo, baba. Nisingekuzuia, ningepoteza mzazi."

Baba alikuwa ameugeukia ukuta.

Fundi bomba alirudi kazini wiki iliyofuata, na bado anaziba mabomba ya watu. Binti yuko chumba kile kile cha nyuma, anashona majalada. Kondakta alichoka na barabara, akafungua kibanda cha kinyozi. Mama, siku ile, alikaa tangu adhuhuri katika chumba cha wageni kule mlimani, kiti amekielekeza barabarani. Jua lilipozama aliwaomba wangoje kidogo, wakangoja kidogo, kisha wakafunga lango.