Anayesimama Mbele Hageuki

Bitutu alikuwa ameukazia macho ukuta wa kiwanda, mikono kiunoni, hasira zimempanda. Kugeuka hakuruhusiwi mpaka filimbi ya pili ilie. Kanuni hiyo ilitungwa mwaka ule mfanyakazi mwenzake Celestine alipokodolewa macho katikati ya kura na mama mkwe wake, aliyeongoza mstari wa pili, akahama mstari mbio. Tangu hapo anayesimama mbele ya mlolongo hutazama ukuta, ili kila mtu apige kura bila kumwonea mtu haya.

Kiwanda chenyewe cha unga wa ndizi, hapo Mosocho, kilikuwa chao. Mzee Onyiego, mwenye kiwanda, alipostaafu, wafanyakazi thelathini na wanne walikinunua, wengine kwa kuuza ng'ombe wa mwisho. Kila mtu hisa moja, kura moja. Sasa tajiri fulani wa Nairobi alikitaka, na wakala wake, Duke, alikuwa amezunguka wiki nzima na fomu za kuuza hisa. Kwa Bitutu alifika Jumatano. Alikunywa chai yake yote, kisha akamwambia kwa upole:

"Mama, wenzako wote wametia sahihi. Umebaki wewe tu. Mkaidi hafaidi."

Bitutu alimjibu kwamba atakuwa mkaidi mpaka azikwe.

Ndipo Duke akaomba kura ya mlolongo. Wanaouza wajipange nyuma yake kule getini, wanaokataa nyuma ya Bitutu. Alijua watu wengi huogopa zaidi kubaki peke yao kuliko wanavyoogopa njaa.

Mwenyekiti Ondieki alipuliza filimbi. Mashine ya kusaga ilinguruma, hata Bitutu asisikie hatua za mtu. Kweli hata Celestine, waliyemenya naye ndizi miaka saba mpaka vidole vikawa vyeusi, ametia sahihi? Haya, nendeni zenu. Atasimama hapo peke yake, na kwenye kumbukumbu za mkutano waandike kwamba mmoja alikataa.

Filimbi ya pili ililia. Bitutu akageuka, kidevu juu.

Celestine alikuwa hatua moja tu nyuma yake, na nyuma ya Celestine wenzao wote. Hakumtazama Bitutu. Alimtazama Duke, aliyesimama getini na mkoba wake, nyuma yake hakuna hata kuku.

"Alhamisi ulikula ugali kwangu," Celestine alimwambia, "ukasema nimebaki mimi tu."

"Kwangu," mama mkwe wake akasema kutoka nyuma, "alikuja Ijumaa."