Muhuri Mwekundu

Kwa miaka kumi na miwili Mbaruku alipima miguu ya mpira ya kuzuia ngazi isiteleze kwa namna ile ile: alitundika gunia la mchanga kwenye ngazi, akasubiri, na ikisimama akaupiga mguu muhuri mwekundu. Siku hiyo Mwatumu, mjane wa fundi wa mifereji ya paa, aliingia karakanani angali katika eda, akaweka mezani mguu uliopinda. Muhuri ulikuwa bado unasomeka.

"Huu ni wako?"

"Wangu. Pole sana, dada. Ila tuliujaribu, ukasimama."

"Mliujaribu wapi?"

"Hapa hapa."

Mwatumu akaitazama sakafu ya saruji, kavu, imefagiwa. "Mume wangu alipanda mvua inanyesha. Hapa mmewahi kumwaga maji?"

Maagizo ya upimaji yalitaka sakafu imwagiwe maji. Tajiri mwenye karakana hakutaka sakafu yake ichafuke, na Mbaruku hakuwahi kubisha.

Mwatumu akachukua ndoo iliyokuwa chini ya bomba, akamwaga maji yote chini ya ngazi ya majaribio. Kisha akafungua kamba ya gunia lililoning'inia kwenye ngazi, likaanguka.

"Panda wewe."

Mbaruku akakanyaga kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akatazama chini kuona kama kuna aliyeishika ngazi. Mwatumu alikuwa amekunja mikono kifuani, na maji yalikuwa yanaingia taratibu chini ya mpira.