Kadi Iliyobaki Mfukoni

Dakika ya hamsini na tatu, Christian alimtukana baba yake mbele ya uwanja mzima.

"Zoba weye! Arbitre bure kabisa!"

Hakusema Papa, kama alivyozoea kumwita baba yake. Kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye hajawahi kupandisha sauti hata mezani, alisimama mbele ya mzazi wake na kumwita mjinga, tena refa wa bure. Anselme, baba huyo, alikuwa na filimbi mdomoni na kadi nyekundu katika mfuko wa shati, lakini mkono wake haukuinuka.

Miaka kumi na tano alichezesha mpira Bunia, kabla ya vita na ndani ya vita, na kanuni yake ilijulikana hadi Iga Barrière. Tusi hakulijibu kwa tusi wala kwa hasira. Alimwacha mchezaji amalize, akahesabu pumzi tatu, akatoa kadi. Marefa vijana aliwafundisha hivyohivyo: ukimsamehe mmoja leo, kesho wewe si refa tena, wewe ndiwe mpira.

Ila mechi hii haikuwa ya kawaida. Kamanda aliyeushika mtaa wiki ile ndiye aliyeiitisha. Vijana aliwachagua mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akawapa jezi mpya na kusema ni mechi ya amani. Mlango wa uwanja ulifungwa kwa mnyororo, wazazi wakabaki nje. Waliokimbia na vibendera pembeni walikuwa askari wake. Nyuma ya goli moja lilisimama lori lililofunikwa turubai.

Kabla ya kuanza, kamanda alimwita Anselme.

"Arbitre, mie napenda discipline. Mwenye atatukana, umutoshe inje na carton rouge. Mie najua ntamufanya nini. Na sitaki kunong'ona: mwenye iko na neno, aseme wote tusikie."

"Ndiyo, mon commandant," Anselme alijibu.

Dakika ya ishirini, Fiacre, mtoto wa jirani yao muuza beignets, maandazi ya mtaani, alimwita mwizi kwa ajili ya penalti. Pumzi tatu, kadi. Askari wawili wakamshika Fiacre mikono, wakampitisha mlangoni. Kisha mlio wa bunduki ukasikika nje, mmoja tu. Kamanda hakugeuka hata kutazama.

Nimeua mtoto wa watu, Anselme aliwaza, nimemuua kwa kipande cha plastiki. Aliendelea kupuliza filimbi kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Wakati wa mapumziko wachezaji walipelekwa kunywa maji kando ya lori. Walirudi nyuso zimebadilika, hawana habari na mpira. Wakaanza matusi, tena si timu moja, timu zote mbili. Vital, golikipa, mwimbaji wa kwaya, aliacha goli lake wazi akaja mbio hadi katikati kumwita refa mbwa. Anselme aliwaelewa. Walikuwa wanamlilia Fiacre, na walikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya urefa alimeza kila neno, akaonyesha kwa mkono kwamba mchezo uendelee.

Wengine walichoka. Christian hakuchoka. Dakika ya sabini alimfuata tena, jasho na machozi vimechanganyika usoni.

"Toa carton rouge! Toa, kama weye iko mwanaume!"

"Rudia pa nafasi yako."

"Unaogopa? Muoga weye! Toa carton!"

Kamanda alikuwa ameinuka kitini, anatazama. Anselme aliutazama mlango, akausikia ule mlio upya kichwani. Akaweka kiganja juu ya mfuko wa shati na kuubana kama vile kadi ingeruka yenyewe. Alijua mji mzima utamcheka, refa aliyetukanwa na mwanawe akanyamaza. Wacheke. Immaculée, mkewe, alikuwa anangoja nje ya mlango ule, na Anselme aliapa kumrudishia mtoto wake mzima.

Dakika ya themanini na tano Christian alipiga magoti kwenye nyasi. Akiwa magotini alimtukana nyanya yake, mama mzazi wa Anselme, aliyezikwa Bambu, kwa neno ambalo haliandikiki. Refa aligeuza uso ili kamanda asione kwamba analia.

Alipuliza filimbi ya mwisho dakika mbili kabla ya wakati. Hakuna mwingine aliyetolewa. Aliwahesabu kwa kidole, ishirini na mmoja, wote wanapumua, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mnyororo ulifunguliwa. Nje, kando ya mama yake, alisimama Fiacre, jezi bado mwilini, anatafuna beignet.

Anselme alimnyooshea Fiacre kidole. Kamanda alicheka, akampiga refa begani.

"Ule? Tulimutisha na risasi moja juu, akakimbia kwao; ata wenzake walisikia ile pa lori, wakati wa maji. Mutu wa matusi hafai kupigana kwa front. Lakini hawa wenye umeniachia, hawa iko askari kamili."

Turubai la lori lilikuwa limeshafunuliwa. Askari walikuwa wanagawa mabuti na bunduki. Christian alivaa mabuti yake, akapanda, akamtazama baba yake kutoka juu.

"Nilikuomba, Papa," alisema polepole, kwa heshima, kama alivyolelewa.