Opal Anabaki, Pearl Anatoka

"Hivi vijiko ndio ukuta, chupa ya pilipili ndiyo mimi," alisema Coy, akivipanga kwenye sinia kitandani. Mguu wake wa kulia ulikuwa na plasta, umelazwa juu ya mito. "Kijiko cha mwisho kushoto ni wewe. Haya, Harlan, Kocha akiita Opal unafanyaje?"

Harlan Stubbs, pande la mtu, alikodolea macho vile vijiko. Pai ya pichi aliyopewa na mama yake aje nayo ilikuwa bado mikononi.

Mji mzima, kijimji cha Texas ambako Ijumaa, siku ya mechi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, hakuna anayebaki nyumbani, ulijua kilichotokea. Kocha alikuwa na mbinu mbili za kumfungulia njia mkimbiaji mwenye mpira, akaziita kwa majina ya shangazi zake. Zote mbili, ukuta wa wachezaji unasukuma kulia, kisha mtu wa pili kutoka kushoto anachomoka na kupita nyuma ya wenzake kwenda kusafisha njia. Tofauti ni moja tu. Kwa Opal, Harlan anabaki kulinda nyuma. Kwa Pearl, naye anachomoka.

Kocha aliita Pearl, Harlan akabaki. Mpinzani ambaye Harlan alipaswa kumzuia akapita wazi, akamvaa Coy, aliyekuwa na mpira, mzimamzima, na mlio wa mfupa ukasikika hadi kwenye viti vya wazazi.

Hakuna aliyemlaumu. Kocha alisema kosa ni lake, hakuwafundisha vya kutosha. Mama Coy alimkumbatia palepale hospitalini. Tangu hapo chakula hakikumshuka Harlan, na kila aliyemhurumia alimfanya ajione mchafu zaidi.

"Opal... nachomoka?" alisema.

Coy akacheka. "We kichwa maji kweli. Opal mzee, anabaki nyumbani. Pearl ndiye kiguu na njia. Mdogo wako Wendell anazijua, wewe zinakushindaje? Na kesho ndiye anakimbia badala yangu. Yule mtu wa chuo kikuu anayetafuta wachezaji anakuja na nafasi yake moja ya kusoma bure, atamtazama yeye sasa. Usije ukamvunja na yeye."

"Nisamehe, Coy."

"Nikusamehe nini, bwana? Ulisahau tu. Haya, tena."

Wakarudia mpaka Harlan akapatia, na Coy akampigia makofi. Mlangoni Mama Coy akamshukuru kwa kuja.

Nyumbani alimkuta Wendell mezani, kashamwaga vijiko vyote vya mama yao.

"Kaka, nipangie tena. Bila wewe hizi mbili huwa zinanichanganya."

Harlan akavipanga, Opal kwanza, kisha Pearl, bila hata kuviangalia, kama alivyompangia kabla ya kila mechi, msimu mzima.