Mikwaruzo Mitatu

Subira alikuwa hatulii kwenye benchi la gereji, anakaa, anainuka. Fundi Tamimu akarudi kutoka mtaa wa spea na stata kuukuu.

"Ni ya pikapu, dada, ila injini yake na ya kigari chako ni ukoo mmoja. Itaingia."

Subira akaigeuza. Ubavuni ilikuwa na mikwaruzo mitatu ya msumari. Ndivyo mumewe alivyotia alama kila kifaa cha pikapu yake, mafundi wasije wakambadilishia. Aliondoka nayo mwaka juzi, akasema anarudi kesho.

"Kaiuza nani?"

"Mwenye pikapu mwenyewe. Jana."

Ikafungwa. Subira alipogeuza ufunguo, ililia mlio ule ule uliokuwa ukimwamsha alfajiri. Langoni akawasha indiketa ya kushoto, ya nyumbani. Akaizima. Akawasha ya kulia, ya mtaa wa spea, mguu ungali kwenye breki.