Shashi Aacha Mgongo wa Nyati

Shashi, ndege mla kupe, alichoka kuchapwa mkia na Nyati kila alipopumzika mgongoni mwake. Akaaga, akafungua kibanda chake kando ya maji ili awasafishe wanyama wote.

“Huna fadhila!” Nyati akafoka. “Miaka yote nimekulisha kupe wangu! Tuone wanao watakula nini.”

Haukupita mwezi, masikio ya Nyati yakajaa kupe. Akaja kibandani akimsukuma kando Ngiri aliyejaa matope, aliyekuwa mwisho wa foleni.

“Nianze mimi niliyekulea!”

“Wewe mzee,” Shashi akasema kwa uchungu, “kupe hao walikuwa wakikunywa damu yako. Nani alimlea mwenzake? Foleni inaishia kule.”

Nyati akafura kwa hasira. Kupe mmoja akamng'ata sikioni. Akaenda kusimama nyuma ya Ngiri, akinung'unika.